Kutoka Chen hadi Tan: Asili na Uhamaji wa Jina la Ukoo la Kichina kwa Ushahidi wa Sauti

1.0 Utangulizi

Majina ya koo yana nafasi ya pekee katika uchunguzi wa historia ya lugha. Kwa upande mmoja ni maneno kama maneno mengine: hutamkwa, hurithiwa na watoto kutoka kwa wazazi wao, na hupitia mabadiliko yaleyale ya sauti yanayoikumba lugha nzima. Kwa upande mwingine ni mali. Jina huweza kutolewa kama zawadi, kuazimwa, kubadilishwa kwa hofu, au kudaiwa kwa sababu tu lina heshima. Kwa hiyo jina la ukoo hubeba historia mbili ambazo aghalabu huchanganywa: ile inayosimuliwa na wenye jina, na ile iliyomo ndani ya matamshi yake.

Mhadhara huu unachunguza jina moja la Kichina ambalo historia zake zote mbili zimehifadhiwa vizuri, yaani jina Chen. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Usalama wa Umma ya China za mwaka 2020, Chen ni jina la tano kwa wingi nchini humo, likitanguliwa na Wang, Li, Zhang na Liu. Katika Taiwan ndilo jina lenye watu wengi kuliko yote. Nje ya China jina hilohilo, linaloandikwa kwa alama ileile moja, hutamkwa na kuandikwa kwa namna tofauti: Tan katika Singapore na Malaysia, Chan katika Hong Kong, Chin miongoni mwa familia nyingi za Wahakka na za watu wa Taishan waliohamia Marekani, na Trần katika Vietnam.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti hizo za matamshi ni ushahidi wa kihistoria wenye thamani isiyopungua ile ya vitabu vya nasaba, lakini ni ushahidi wa jambo jingine. Nasaba huonesha namna watu walivyotaka kukumbukwa. Sauti huonesha jamii ya wasemaji ambamo jina lilikaa na kukua. Mtafiti anayetumia kimoja kujibu swali la kingine hupotoka, na upotofu huo umewahi kutokea hata katika uchunguzi wa watu na lugha za pwani ya Afrika Mashariki.

2.0 Asili ya Jina: Dola ya Chen

Katika China ya kale palikuwa na aina mbili za majina ya kurithi. Aina ya kwanza iliitwa xing, nayo ilikuwa alama ya ukoo mkuu, ikitumika hasa kuzuia ndoa kati ya watu wa damu moja. Baadhi ya majina hayo ya kale, kama Ji, Jiang na Gui, huandikwa kwa alama yenye kijenzi kinachomaanisha ‘mwanamke’. Aina ya pili iliitwa shi, nayo ilikuwa alama ya tawi. Jina la tawi lilitokana na eneo lililotawaliwa, cheo, kazi au jina la babu fulani. Kufikia enzi za Qin na Han, aina hizi mbili zilikuwa zimeunganika, na ndiyo maana neno xing leo lina maana ya jina la ukoo kwa jumla.

Chen ni jina la aina ya pili. Mapokeo ya Kichina husimulia kwamba baada ya Wazhou kuipindua dola ya Shang, mnamo mwaka 1046 KK, mfalme wa Zhou alimtafuta mzao wa Shun, mtawala mwema wa zama za kale, akampata mtu aliyeitwa Gui Man. Mfalme alimwoza binti yake na kumpa eneo la Chen alitawale, ili matambiko ya Shun yasikatike. Makao makuu ya eneo hilo yalikuwa mahali panapoitwa leo Huaiyang, mashariki mwa jimbo la Henan. Gui lilikuwa jina la ukoo wake mkuu. Chen lilikuwa jina la nchi.

Dola hiyo ilikuwa ndogo na iliishi katika kivuli cha majirani wenye nguvu. Mwaka 478 KK ilimezwa moja kwa moja na dola ya Chu iliyokuwa kusini yake. Watu wa dola iliyokufa walibaki na jina lake. Hii ni njia ya kawaida ya kuzaliwa kwa majina ya Kichina: majina kama Song, Cai, Wei na Xu nayo yalitokana na nchi ambazo hazipo tena. Tangu mwanzo, basi, jina Chen halikuwa lazima liwe la wazao wa mtu mmoja. Mtu wa jamaa ya mtawala na raia wa kawaida wa nchi ile wote wangeweza kuitwa kwa jina la mahali walipotoka.

3.0 Chen na Tian: Majina Mawili au Moja?

Karibu miaka mia mbili kabla ya kuanguka kwa dola hiyo, mwaka 672 KK, mwana mmoja wa jamaa ya watawala aliyeitwa Chen Wan alikimbia mauaji ya kugombea urithi na kupata hifadhi katika dola ya Qi, kwenye eneo la Shandong ya leo. Wazao wake walipanda vyeo kizazi baada ya kizazi. Mwaka 481 KK mmoja wao alimuua mtawala wa Qi, na mwaka 386 KK mwingine alitambuliwa rasmi kuwa mtawala wa nchi hiyo. Wageni waliopewa hifadhi wakawa wenye nchi, wakaitawala mpaka Qin ilipoiangusha Qi mwaka 221 KK.

Tatizo la kiisimu linaanzia hapa. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika mnamo mwaka 100 KK, anauita ukoo huo Tian, jina ambalo alama yake ina maana ya ‘shamba’. Lakini maandishi ya zamani zaidi, yakiwemo Mazungumzo ya Confucius, yanamwita yule aliyeua mwaka 481 KK kwa jina la Chen. Je, ukoo ulibadili jina? Wafafanuzi wa kale waliamini hivyo, wakatafuta sababu. Wapo waliodai kwamba Chen Wan alipewa ardhi mahali palipoitwa Tian, akachukua jina la mahali hapo.

Jibu lenye nguvu zaidi lilitolewa na Qian Daxin (1728–1804), mmoja wa wanazuoni wakubwa wa enzi ya Qing. Qian alikuwa akichunguza kundi la sauti ambazo katika Kichina cha kaskazini hutamkwa kwa ncha ya ulimi iliyopindwa kuelekea kaakaa, kama ch ya Chen. Alikusanya mifano ya maneno ambayo katika maandishi ya kale yalibadilishana nafasi au kufafanuliana, akahitimisha kwamba hapo zamani kundi hilo halikuwepo: sauti zake zilikuwa bado hazijatengana na zile za aina ya t na d. Miongoni mwa mifano yake ulikuwamo huu wa Chen na Tian. Kwake yeye hapakuwa na mtu aliyebadili jina. Jina lilikuwa moja, likaandikwa kwa alama mbili kwa sababu alama hizo zilikaribiana mno kimatamshi wakati zilipoandikwa. Mabadiliko ya sauti ya baadaye ndiyo yaliyoyaachanisha, yakawafanya wasomaji waone majina mawili.

Utafiti wa karibuni umeirekebisha hoja hiyo bila kuivunja. William Baxter na Laurent Sagart, katika kazi yao ya mwaka 2014 kuhusu Kichina cha kale, wanaunda upya maneno yote mawili yakianza na kitambaza l, ambacho baadaye kiligeuka kuwa kipasuo. Lakini kiini cha hoja ya Qian Daxin kimebaki: Chen na Tian zilianza na konsonanti ya aina moja. Kwa hiyo fumbo lililoonekana kuwa la historia ya watu lilikuwa fumbo la fonolojia. Visa vilivyotungwa kulieleza vilikuwa majibu ya swali ambalo halikupaswa kuulizwa.

4.0 Nasaba, Vyeo na Safari ya Kusini

Baada ya kuanguka kwa Qi, jina Chen linaonekana kwa nguvu katika wilaya ya Yingchuan, katikati ya Henan. Mtu wake mashuhuri ni Chen Shi (104–187 BK), ofisa mdogo aliyesifika kwa uadilifu. Historia ya Han ya Baadaye inasema watu zaidi ya 30,000 walikuja kumzika. Mjukuu wake, Chen Qun, ndiye aliyependekeza mwaka 220 mfumo wa madaraja tisa wa kuteua maofisa. Kwa kadiri mfumo huo ulivyokomaa, daraja la mtu lilizidi kutegemea ukoo wake. Nasaba sasa ilikuwa cheti cha kazi. Pale ambapo karatasi ya ukoo huleta cheo, karatasi za ukoo huongezeka, na si zote zinazokuwa za kweli.

Uhamaji mkubwa wa kwanza kuelekea kusini ulitokea baada ya Luoyang, mji mkuu, kutekwa mwaka 311. Familia nyingi za kaskazini zilivuka mto Yangzi. Kutokana na simulizi hilo alitokea Chen Baxian (503–559), mzaliwa wa Zhejiang ya leo, ambaye mwaka 557 alianzisha utawala wa kifalme ulioitwa Chen kwa jina la ukoo wake mwenyewe, jambo lisilo la kawaida katika historia ya China. Utawala huo ulidumu mpaka mwaka 589. Historia yake rasmi inamtaja kuwa mzao wa Chen Shi wa Yingchuan. Hata hivyo, Chen Baxian alizaliwa katika familia ya hali ya chini, akapanda kwa njia ya jeshi. Mfalme mpya alihitaji babu wa zamani, na Yingchuan ilikuwa na babu anayefaa.

Wakati huohuo kaskazini jina lilikuwa likipata watu wapya. Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, ambaye mwenyewe alikuwa Mxianbei, aliamuru koo za Kixianbei ziache majina yao marefu na kuchukua majina mafupi ya Kichina. Ukoo ulioitwa Houmochen ukawa Chen. Wafugaji wa nyika waliingia katika jina la dola ya Huaiyang kwa amri moja, na baada ya vizazi vichache hapakuwa na njia ya kuwatofautisha na wengine.

Awamu iliyoacha alama kubwa zaidi ni ya Fujian. Mapokeo ya huko yanasema kwamba mwaka 669 ofisa wa jeshi aliyeitwa Chen Zheng alitumwa kutuliza maeneo ya mpaka wa Fujian na Guangdong, na kwamba mwanawe, Chen Yuanguang (657–711), alifanikisha kuundwa kwa wilaya ya Zhangzhou mwaka 686. Baada ya kufa aliabudiwa kwa jina la Mfalme Mtakatifu Aliyeifungua Zhang. Kundi la pili liliingia Fujian mwaka 885, likiwa na ndugu wa ukoo wa Wang kutoka Gushi, kusini mwa Henan. Mmoja wao, Wang Shenzhi, alitambuliwa kuwa mfalme wa Min mwaka 909.

Katika nasaba nyingi za Fujian, za jina Chen na za majina mengine, babu wa kwanza ni mtu wa Gushi. Mwanahistoria Zheng Qiao (1104–1162), aliyekuwa mwenyeji wa Putian katika Fujian hiyohiyo, alilipinga dai hilo wazi. Alieleza kwamba Wang Shenzhi aliwapendelea watu wa kwao Gushi, na kwa sababu hiyo kila mtu alitaka kuonekana ametoka Gushi. Maelezo hayo yana umuhimu mkubwa kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonesha kwamba uhakiki wa nasaba ni jambo la kale ndani ya utamaduni wenyewe, wala haukuletwa na wataalamu wa kigeni. Pili, hayasemi tu kwamba dai si sahihi. Yanaeleza faida iliyolizaa.

Nasaba hazikukosa pia simulizi za umoja. Historia ya Song inaitaja familia moja ya Chen katika De'an, jimbo la Jiangxi, iliyoishi pamoja kwa vizazi 13 bila kugawana mali, ikiwa na watu 700, na hata mbwa wake zaidi ya 100 walikula chombo kimoja na kumsubiri mwenzao asiyefika. Nasaba za baadaye husimulia kwamba familia hiyo ilivunjwa kwa amri ya mfalme mwaka 1062 na kutawanywa katika mamia ya mahali. Familia nyingi za Chen leo hujihesabu kuwa matawi ya mtawanyiko huo.

5.0 Ushahidi wa Sauti

Baada ya kuona kwamba nasaba haziaminiki zote kwa kiwango sawa, inafaa kuyageukia matamshi. Historia ya konsonanti ya kwanza ya jina hili inaweza kugawanywa katika hatua tatu, na kila hatua ingali hai vinywani mwa watu.

Hatua ya kwanza ni ya kipasuo cha ufizi. Lugha za Min za Fujian zilijitenga na mkondo mkuu wa Kichina kabla ya kipasuo hicho kubadilika. Wasemaji wa Kihokkien husema Tan. Wateochew wa mashariki mwa Guangdong, ambao lugha yao ni ya kundi hilohilo, nao wana t. Hatua ya pili ni ya kipasuo kilichotamkwa kwa ulimi uliopindwa nyuma, kama inavyodhihirika katika Qieyun, kamusi ya vina iliyokamilika mwaka 601. Vietnam ilipokea usomaji wa alama za Kichina hasa katika enzi ya Tang, na tr ya Trần ni mabaki ya hatua hiyo. Katika matamshi ya kusini mwa Vietnam ulimi bado hupindwa. Hatua ya tatu ni ya kizuiwa-kwamizi: Chen katika Kichina sanifu, Chan katika Kikantoni, Chin katika Kihakka.

Mabadiliko haya hayakuligusa jina hili peke yake. Neno la Kichina linalomaanisha majani ya chai lilianza na konsonanti ileile katika Qieyun. Watu wa Fujian husema te, na Waholanzi waliolibeba neno hilo kwa njia ya bahari walilieneza Ulaya magharibi. Watu wa kaskazini na Wakantoni husema cha, na umbo hilo lilisafiri kwa njia ya bara kupitia Uajemi na India hadi likafika kwa Waswahili kama chai. Uwiano wa Tan kwa Chen ni uwiano wa te kwa cha. Mtu anayekunywa chai katika Lamu na Mwingereza anayekunywa ‘tii’ yake wameligawana neno moja katika mpaka uleule unaomtenga Tan na Chen.

Irabu nayo ina ushahidi wake. Katika Kihokkien alama ya Chen husomwa kwa namna mbili: Tan inapokuwa jina la ukoo, na tin inapotumika katika maneno ya kitaalamu yaliyotokana na usomaji rasmi wa baadaye. Irabu a ni ya tabaka la kale. Hata jina la eneo lenyewe, Min, hutamkwa Ban na wenyeji wake, kwa kanuni ileile. Jina la ukoo limeshikilia matamshi ya zamani kuliko alama yake inavyosomwa kitabuni.

Tahadhari inahitajika katika kuamua mwelekeo wa mabadiliko. Mwanafunzi wa Kiswahili anaijua vyema tofauti ya macho katika Kiunguja na mato, yenye t ya meno, katika Kimvita na Kiamu. Anaposikia Chen na Tan anaweza kudhani kwamba anashuhudia jambo lilelile. Mwelekeo ni kinyume. Katika Kiswahili, ulinganishi wa lugha za Kibantu unaonesha kwamba ch ya macho iko karibu zaidi na sauti ya asili, na t ya mato ni uzushi wa lahaja za kaskazini. Katika Kichina, t ndiyo ya zamani na ch ndiyo mpya. Sikio peke yake haliwezi kuamua lipi lilitangulia. Ushahidi hutoka katika mfumo mzima wa lugha na ndugu zake.

Tahadhari nyingine inatokana na Korea na Japani. Jina hili husomwa Jin kwa Kikorea na Chin kwa Kijapani, na mtu anaweza kudhani kwamba maumbo hayo yalitoka katika Kichina cha hatua ya tatu. La hasha. Lugha zote mbili zililipokea likiwa na kipasuo, na kila moja kwa wakati wake iligeuza kipasuo hicho kwa athari ya irabu i iliyokifuata. Kufanana kwa matokeo hakuthibitishi kufanana kwa safari.

6.0 Ng'ambo ya Bahari

Uhamaji wa kwenda nje ya China ulilitawanya jina kwa kufuata bandari. Vietnam ilikuwa ya mapema: kumbukumbu za huko huwataja mababu wa utawala wa Trần, uliotawala kuanzia mwaka 1225 hadi 1400, kuwa watu waliotoka Min. Inafaa kuzingatiwa kwamba hata kama walitoka Fujian, jina lao halikubaki na t ya Fujian. Lilivaa matamshi ya Kivietnam. Jenerali Trần Hưng Đạo, aliyewashinda Wamongolia kwenye mto Bạch Đằng mwaka 1288, hakuwa Tan wala Chen katika masikio ya askari wake.

Katika karne ya 19, wahamiaji wa Kihokkien na Kiteochew walijaza bandari za kusini-mashariki mwa Asia, na Tan likawa jina la kwanza kwa wingi miongoni mwa Wachina wa Singapore. Tan Tock Seng (1798–1850), mzaliwa wa Melaka, alitoa fedha za kujengea hospitali ya maskini ambayo jina lake lingalipo. Mwanawe, Tan Kim Ching, pamoja na Tan Beng Swee, walianzisha mwaka 1876 hekalu la ukoo wa Tan, na aliyewekwa humo kuabudiwa ni yuleyule Chen Yuanguang wa Zhangzhou. Hapa ndipo nasaba ilipofanya kazi yake halisi. Mgeni aliyeshuka melini bila ndugu alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumdhamini na watu wa kumzika. Babu wa pamoja, awe wa kweli au wa kudaiwa, ndiye aliyevipata vitu hivyo kwa ajili yake.

Wakantoni walifanya vivyo hivyo kwa upande wao. Jumba la ukoo wa Chen lililokamilika Guangzhou mwaka 1894 lilijengwa kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka wilaya 72 za Guangdong, na lilitumiwa na vijana wao waliokuja mjini kwa mitihani na mashauri. Jumba la Chan la Kuala Lumpur lilikamilika mwaka 1906. Katika mji huo mtu wa Tan na mtu wa Chan waliweza kuandika jina moja kwa wino mmoja, kisha kila mmoja akaenda kwenye jumba lake. Kilichowatenga hakikuwa babu; kilikuwa lugha.

Maandishi ya Kirumi yaliyagandisha matamshi hayo. Karani wa kikoloni aliandika alichosikia, na alichoandika kikawa jina la kisheria la vizazi vilivyofuata. Tan Kah Kee (1874–1961), tajiri wa mpira wa Singapore aliyeanzisha Chuo Kikuu cha Xiamen mwaka 1921, huandikwa Chen Jiageng katika vitabu vya China, kwa tahajia ya pinyin iliyoidhinishwa mwaka 1958. Msomaji asiyejua kanuni za sauti atahesabu watu wawili, kama wasomaji wa kale walivyohesabu majina mawili katika Chen na Tian.

Kwa upande mwingine, siasa ziliweza kulificha jina. Katika Indonesia, uamuzi wa serikali wa mwaka 1966 uliwahimiza raia wenye asili ya Kichina kuchukua majina yanayolingana na ya wenyeji. Familia nyingi za Tan zilijitafutia majina ambamo silabi ya zamani ingeendelea kusikika: Tanto, Sutanto, Hartanto, Tanoto. Alama ya maandishi iliondoka, tahajia ilibadilika, lakini sauti ilibaki ikiwa imefunikwa ndani ya neno lenye sura ya Kijava. Kwa familia hizo, silabi tan ndiyo nasaba pekee iliyoweza kutamkwa hadharani.

7.0 Mafunzo kwa Taaluma za Kiswahili

Pwani ya Afrika Mashariki ina nasaba zake, na nisba ya Shirazi ndiyo inayofahamika zaidi. Tarehe ya Kilwa husimulia kuja kwa watawala kutoka Shirazi. Kwa muda mrefu simulizi hilo lilichukuliwa na baadhi ya waandishi kuwa maelezo ya asili ya Waswahili na hata ya lugha yao. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionesha kwa ushahidi wa isimu kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, iliyokulia papa hapa. Baada ya hapo wengine walikwenda upande wa pili: kwa kuwa lugha ni ya Kibantu, wakaamua kwamba simulizi la Shirazi ni uongo mtupu.

Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2023, ukihusisha watu 80, ulikuta katika miji ya pwani mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, iliyopitia hasa kwa wanawake, na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, iliyopitia kwa wanaume, ulioanza kufikia mwaka 1000 BK hivi. Hakuna chochote katika matokeo hayo kinachoipinga isimu, na hakuna chochote katika isimu kinachoyapinga. Lugha hufuata jamii inayomlea mtoto. Nisba hufuata heshima na urithi. Damu hufuata ndoa. Mtoto wa mwanamume aliyetoka Uajemi angeweza kusema Kiswahili safi kwa sababu ileile iliyomfanya mzao wa askari wa kaskazini aitwe Tan katika Zhangzhou: alijifunza kusema kutoka kwa watu waliomzunguka.

Kutokana na mfano huu, hatua tatu zinaweza kupendekezwa kwa anayechunguza majina ya koo za pwani. Kwanza, atenganishe umbo la jina na dai la jina. Pili, aulize dai lilileta faida gani, kwa nani na katika wakati gani, kama Zheng Qiao alivyouliza. Tatu, alilinganishe umbo la jina na maneno mengine ya lahaja husika, ili ajue lilipita katika vinywa vya akina nani.

8.0 Hitimisho

Jina Chen lilianza kuwa jina la nchi ndogo katika Henan. Liliwapokea wana wa watawala, raia, Waxianbei na watu wa Fujian waliojiita wa Gushi. Lilibebwa baharini likawa Tan na Chan, likavuka mpaka wa kusini likawa Trần, na katika Indonesia likajificha. Hakuna babu mmoja anayeweza kuwahusisha watu wote hao. Hata hivyo, hilo halilifanyi jina kuwa tupu. Kila umbo lake linataja kwa usahihi jamii iliyolitunza, na usahihi huo haukupangwa na mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa akijua kwamba anapomwita mwanawe anaandika historia.

Nasaba isidharauliwe kwa kuwa imetiwa chumvi, wala isikubaliwe kwa kuwa imezeeka. Iulizwe inachokijua. Sauti nayo iulizwe inachokijua. Zinapohitilafiana, tofauti hiyo isichukuliwe kuwa dosari ya ushahidi. Mara nyingi ndipo historia yenyewe ilipo.